Kipoza oili cha Subaru ya mashindano: tafuta hewa kwanza, safu baadaye

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2005, injini EJ207, imeongezewa nguvu na sasa inatoa kama farasi 340. Siku za kawaida naiendesha hapa Arusha na kwenda Moshi, na mara chache kwa mwaka naingia nayo mashindano ya barabara za vumbi. Barabarani oili inakaa nyuzi 98 hadi 103. Nikikimbia kipande cha kilomita 15 inapanda hadi 130 na presha inashuka. Fundi wangu anasema nifunge kipoza oili cha safu 34, maana kikubwa ndicho kinachopoza. Nikichukue?

Jibu: Hapana, hicho kiache dukani. Geji imeshakuambia kwamba gari inahitaji kipoza oili, au oili kula kama tunavyozoea kuiita gereji (tusichanganye na injini inayokula oili, huo ni ugonjwa mwingine). Kwa gari yako safu 25 (yaani njia 25 za oili zilizopangwa moja juu ya nyingine) zinatosha, lakini zinatosha kwa sharti moja: ziwe na njia ya kuingizia hewa na njia ya kuitolea. Bila njia hizo hata safu 34 zitakurudisha kwenye 130.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Injini yako ikiwa juu kwenye mizunguko, tuseme lita 30 za oili zinapita kwenye kipoza kwa dakika. Hizo ni karibu kilo 25. Kilo moja ya oili ya moto ikishuka nyuzi moja inatoa kama kilojuli 2.2. Ukitaka oili iingie na nyuzi 120 na itoke na 105, unatakiwa kuondoa kilowati 13 na ushee. Hilo ni joto la pasi kumi na zaidi zikiwaka kwa pamoja, na lote linatakiwa kuchukuliwa na hewa.

Kipoza cha safu 25 chenye upana wa milimita 235 kina uso wa kupitisha hewa wa kama milimita 235 kwa 193. Kikiwa ndani ya boksi la hewa lililotengenezwa vizuri, na gari ikienda kilomita 80 kwa saa, hewa inaweza kupita kwenye mapezi yake (vile vibati vyembamba vya kupozea) kwa mita 5 kwa sekunde. Hewa ya Arusha, mwinuko wa mita 1,400 hivi na joto la nyuzi 25, ina uzito wa karibu kilo moja kwa mita ya ujazo. Ukizidisha yote hayo, hewa hiyo itabeba kilowati 13 kwa kupanda joto nyuzi 60, yaani inaingia na 25 na kutoka na 85. Inawezekana, kwa sababu oili bado ina joto kuliko hewa inayotoka.

Sasa toa boksi. Kipoza kimening'inizwa nyuma ya bampa, hewa inakikwepa pembeni, kasi yake kwenye mapezi inashuka hadi mita 2. Ili ibebe joto lile lile, hewa ingepaswa kupanda nyuzi 150. Haiwezi, maana oili yenyewe iko 120, na hewa haiwezi kutoka ikiwa na joto kuliko oili inayoipasha. Weka safu 34 mahali hapo hapo na urudie hesabu: bado inakuja nyuzi 110 juu ya 25, jumla 135. Imeshindikana tena. Ndiyo maana utakuta gari ina kipoza kikubwa kama godoro na oili inachemka vile vile.

Mwinuko nao una ushuru wake. Hewa ya Dar es Salaam ina uzito wa kama kilo 1.16 kwa mita ya ujazo siku ya joto, hivyo kipoza kinachotosha kule kinapungukiwa huku. Moshi uko chini kidogo na hewa yake ni nzito zaidi ya ya Arusha, lakini Januari na Februari joto lake linafuta faida hiyo. Tabo (turbo) inairudishia injini hewa iliyopungua, ila kipoza hakina tabo. Kwa hiyo injini inazalisha joto karibu lile lile la pwani huku upozaji ukiwa umepungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kukuambia safu 25, badala ya kushuka hadi 19.

Kabla hujanunua, hakikisha unatibu ugonjwa wenyewe. Nyuzi 98 hadi 103 barabarani ni nzuri; usizishushe sana. Oili inatakiwa ipite kiwango cha kuchemka kwa maji ili mvuke na petroli vilivyoingia kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) vitoke, na Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mpaka 115 hakuna tatizo. Kwa 120 mpaka 125 kwa dakika chache, oili nzuri ya sintetiki inavumilia. Tatizo la 130 ni wepesi: oili ya 40 ambayo kwenye nyuzi 100 ina unene wa kama sentistoki 14, hapo imeshuka hadi karibu nusu yake, na beringi za krenki zenyewe zina joto kuliko geji inavyosema. EJ ina jina baya kwa beringi za koneksheni (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki), na jina hilo linatokana kwa sehemu kubwa na oili nyepesi, oili pungufu au oili iliyokimbilia upande mmoja wa sampu.

Hilo la mwisho litazame kwa makini. Umesema presha inashuka. Inashuka lini? Ikishuka polepole kadiri joto linavyopanda, ni wepesi wa oili, na kipoza kitasaidia. Ikidondoka ghafla kwenye kona ndefu kisha ikarudi, pampu inanyonya hewa, na hapo hakuna kipoza kitakachookoa injini. Unahitaji sampu yenye vizuizi vya ndani, na ukaguzi wa mrija wa kunyonyea oili, ambao kwenye EJ unajulikana kwa kupasuka kwenye maungio. Kipimo ambacho mafundi wamekitumia miaka mingi ni bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa moto. Kwenye 6,000 usipoona zaidi ya bar 4, simama ushughulikie hiyo kwanza.

Kagua pia geji. Sensa nyingi za geji za Kijapani zina uzi wa PT wa moja ya nane, wakati pleti nyingi za sandwichi (zile zinazokaa kati ya injini na filta ya oili) za Ulaya na Marekani zina tundu la NPT la moja ya nane. Vinafanana kwa macho na vinaingiana mizunguko 2 au 3, lakini mmoja una meno 27 kwa inchi na mwingine 28. Fundi akilazimisha, ama panavuja, ama pleti inapasuka. Nunua adapta.

Turudi kwenye kipoza. Chukua cha pleti zilizopangwa na kulehemiwa kwa tanuru, chenye mapezi kati ya pleti. Vile vya bomba moja lililozungushwa kama nyoka ni vya gia za otomatiki: njia yake ni nyembamba, na vingi havikutengenezwa kwa presha ya oili ya injini, ambayo asubuhi ya baridi ya Julai inaweza kupita bar 6. Kuna imani kwamba kipoza kikubwa kinaua presha. Sivyo. Kwenye aina hii ya pleti oili inagawanyika na kupita safu zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo safu zikiongezeka kizuizi kinapungua. Kinachoua presha ni hosi nyembamba na viungio vya kona kali. Tumia hosi ya kipimo cha AN-10, yenye tundu la ndani la kama milimita 14, na pale panapohitaji kona chukua kiungio cha bomba lililopindwa, achana na kile cha kipande kilichotobolewa kwa pembe ya mraba.

Cha mtumba? Ukijua kimetoka kwenye gari gani na injini ilikuwa nzima, sawa. Kama historia yake haijulikani, hapana. Injini ikinoki, vumbi la beringi linajaa kwenye pleti, na hakuna petroli, dizeli wala upepo wa kompresa utakaolitoa lote. Litatoka lenyewe siku oili itakapopata moto, na litaelekea kwenye krenki yako. Kwa sababu hiyo hiyo, siku injini yako ikiua beringi, kipoza hicho nacho kinatupwa. Kipya cha bei ya kutupa kijaribu kabla ya kukifunga: ziba tundu moja, unganisha kompresa ya fundi tairi kwenye lingine, kizamishe kwenye ndoo na upandishe taratibu hadi bar 5. Uso na mikono viwe mbali. Dakika 10 bila kapovu hata kamoja, kifunge.

Kati ya bloku na filta utaweka pleti ya sandwichi yenye termostati. Usikubali isiyo na termostati, hata ukiambiwa Afrika ni joto. Alfajiri ya Juni au Julai hapa Arusha ni nyuzi 12 au 13, na gari isiyo na termostati itafika Boma Ng'ombe oili ikiwa bado nzito, yenye maji ndani. Termostati nyingi za aina hii hufunguka kwenye nyuzi 80 hivi, na hata ikiwa imefungwa huacha oili kidogo ipite ili kipoza kisikae na hewa. Ukitaka kuijaribu, ichemshe kwenye sufuria na kipima joto. Maji yetu ya nyuzi 95 yanatosha kabisa kuifungua.

STI hutoka kiwandani na kipozeo kidogo cha oili kinachotumia maji ya rejeta mahali hapo hapo, juu ya filta. Kiache. Asubuhi kinaisaidia oili kupata joto mapema, na barabarani ndicho kilichokuwekea hizo 98. Uzi wa filta ya EJ ni M20 kwa 1.5, hakikisha pleti imekuja na boliti ya katikati ya uzi huo na urefu wa kutosha. Kabla ya kukaza, pima nafasi. Pleti inaishusha filta kwa sentimita 3 hadi 5, na eksozi imepita karibu sana pale. Gari ya mashindano ina bati la kukinga chini pia. Filta fupi hutatua mara nyingi. Ikiwa bado inagusa, kuna pleti za kuhamishia filta mahali pengine, lakini hizo zinaongeza hosi 2 zaidi na viungio 4 vya kuvuja, na mimi huzikubali pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Mahali. Intakula (kipoza hewa ya tabo) ya gari yako iko juu ya injini, kwa hiyo mbele kuna kondensa ya AC na rejeta tu. Una sehemu mbili za maana. Ya kwanza ni tundu la taa ya ukungu upande mmoja: hewa ni safi na rejeta haibughudhiwi, lakini safu 25 hazienei pale bila kukata, na hapo ni safu 19 na boksi zuri. Ya pili ni katikati, nyuma ya mdomo wa chini wa bampa, kikilala kwa upana. Hapo 25 zinakaa. 34, ambazo zina kimo cha karibu milimita 260, hazikai bila kuziba nusu ya rejeta. Kwa matumizi yako ningeenda katikati, na ningeacha milimita 25 au zaidi kati ya kipoza na kondensa. Ukiamua siku moja kuishi bila AC, toa kondensa na mahesabu yote yanakuwa mepesi. Angalia kimo pia: kitu chochote kilicho chini ya ukingo wa bampa kitavunjwa na tuta la kijijini kabla hakijavunjwa na mashindano.

Kazi ya boksi mpe fundi bati. Alumini ya milimita 1 inatosha. Mdomo wa mbele uwe theluthi hadi nusu ya uso wa kipoza. Kwa safu 25 ni mdomo wa kama sentimita 25 kwa 8. Kisha panuka taratibu hadi ukingo wa kipoza, na uzibe pembezoni zote kwa sponji ngumu, kwa maana hewa ni mvivu na ikiona upenyo wa sentimita moja itapita huko. Upande wa nyuma ndio husahaulika. Hewa iliyopata moto lazima iwe na pa kutokea, na mahali hapo pawe pakubwa kuliko mdomo wa kuingilia. Tundu la taa likiachwa na plastiki nzima ya ndani ya madigadi halipozi kitu. Kata madirisha kwenye hiyo plastiki. Na lile bati la kukinga chini, kama limefunika sampu bila tundu hata moja, linaihifadhi oili kama chai kwenye chupa. Toboa matundu nyuma yake, yakielekea nyuma ili mawe yasiingie.

Kwenye vipande vya vumbi gari haiendi kasi muda wote, na ukisubiri mwanzoni mwa kipande au ukimaliza na kusimama, hewa ni sifuri. Feni ndogo ya inchi 9 nyuma ya kipoza, yenye swichi ya joto inayowaka kwenye nyuzi 100 na kitu, inafaa kwa muda huo. Ukimaliza kipande usizime injini hapo hapo. Dakika 2 au 3 za silensa (injini ikiunguruma taratibu bila mzigo) zinaokoa tabo pia.

Mbele weka wavu wa kukinga mawe, matundu ya milimita 6 hadi 10. Wavu laini kama wa mbu unazuia hewa kuliko unavyozuia mawe. Vumbi letu la huku, hasa upande wa Ngaramtoni na Kisongo, ni laini na linaganda likikutana na tone la oili. Osha mapezi baada ya kila mashindano, kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo. Zile mashine za kuoshea magari zikisogezwa karibu zinalaza mapezi yote kwa dakika moja.

Hosi ndizo huunguza magari. Hosi ya mpira yenye klempu ya kukaza kwa bisibisi haifai hapa, hata klempu ziwe 2. Arusha ina maduka yanayobana hosi za hydrauliki za matrekta na mitambo, na kazi yao ni nzuri, ila uliza joto: hosi nyingi za kawaida za hydrauliki zimepimwa kwa nyuzi 100. Presha zinaiweza mara kumi, lakini oili ya 120 itaukausha mpira hadi upasuke. Taka hosi iliyoandikwa 150. Ipitishe mbali na eksozi, iache na mlegeo kwa sababu injini inacheza na bodi haichezi, na kila inapogusa chuma ivalishe mpira. Hosi ya waya wa nje ikisuguana na bomba la alumini inalikata kama msumeno. Kipoza chenyewe kikae juu ya mipira, bila kukazwa kwenye chuma moja kwa moja, na viungio vikiwa juu au pembeni ili hewa isibaki ndani. Kaza kila kiungio kwa spana 2, moja ikishikilia upande wa kipoza, la sivyo utanyonga shingo yake.

Siku ya kuwasha: jaza kipoza na filta mpya oili kabla ya kufunga. Toa fyuzi ya pampu ya petroli na upige stata sekunde 10, pumzika, rudia hadi geji ionyeshe presha. Ndipo urudishe fyuzi. Safu 25 na mita 2 za hosi zinameza karibu lita moja, kwa hiyo pima kwa kijiti baada ya termostati kufunguka, ongeza, kisha pima tena. Ukipima injini ikiwa ya baridi tu utajidanganya, na lita moja pungufu kwenye injini yenye lita 4 na kidogo ni hatari kuliko zile nyuzi 130. Oili iwe sintetiki kamili ya 5W-40 au 10W-50 kwenye mashindano, dumu lenye sili kutoka kwa wakala unayemwamini. Oili ya dumu la kujazwa upya haina kipoza kinachoifaa.

Kisha ijaribu kwa mpangilio. Shika hosi asubuhi: zote ziwe za baridi au vuguvugu hadi oili ifike 80, halafu moja ipate moto na nyingine ifuate ikiwa na joto pungufu. Nenda Moshi kwa mwendo wa sheria. Geji ikae 90 hadi 100. Ikibaki chini ya 80, termostati imekwama wazi. Toka Himo upande Marangu kwa gia ya 3, mzigo mzito na mwendo mdogo. 105 hadi 110 ni sawa. Kwenye kipande cha kilomita 15 usivuke 120. Ukivuka, weka kipima joto mbele na nyuma ya kipoza. Hewa inayotoka ikiwa na joto karibu sawa na oili, hewa ni kidogo: panua mdomo au njia ya kutokea. Ikitoka na nyuzi 40 tu wakati oili ni 120, hewa ipo na oili haipiti: tazama termostati, au hosi iliyopinda nyuma ya bampa.